Nani Anafunga Trekta? Usafirishaji Salama wa Matrekta ya Zamani katika Wilaya za Mbulu na Hanang



 Sisi ni watumishi wa mamlaka ya udhibiti, na wajibu wetu ni kuona kuwa anayelipia huduma anapata huduma iliyo salama na ya haki. Leo tunazungumzia huduma ambayo wengi wenu huinunua mara moja au mbili tu maishani, lakini ikiharibika huweza kuondoka na mali ya familia nzima, na hata na uhai wa mtu: kusafirisha trekta la zamani juu ya tela au lori.

Wilaya hizi zina historia ndefu ya matrekta. Katika nyanda za Hanang, kuanzia miaka ya 1970, Tanzania kwa ushirikiano na Kanada iliendesha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO, yakiwemo ya Basotu, Setchet, Mulbadaw na Murjanda. Enzi hizo zimepita, lakini kilimo cha trekta kimebaki. Zipo familia ambazo hadi leo hulima kwa Massey Ferguson 135 au Ford 5000, miundo iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960. Matrekta ya umri huo huuzwa, hurithiwa, na hupelekwa kwa mafundi Babati au Arusha. Kwa kuwa mwendo wake ni mdogo na breki zake zimechoka, mwenye mali hukodi chombo cha kulibeba.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye trekta husema moyoni, "Dereva wa lori ndiye mtaalamu." Dereva naye husema, "Mwenye mali alikuwepo, angeona kasoro angesema." Utingo aliambiwa afunge haraka, akafunga kwa kamba aliyoikuta. Mzigo ukianguka, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na ulio mkubwa kuliko yote, ni huu: kabla hamjakubaliana bei, kubalianeni nani anafunga trekta, anafunga kwa vifaa gani, na nani atalipa likiharibika. Andikeni makubaliano hayo, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, kisha kila upande utie sahihi mbele ya shahidi.

Makubaliano hayo yataje pia mambo manne. Kwanza, namba ya usajili wa lori na ya tela, na leseni ya usafirishaji wa mizigo inayotolewa na LATRA. Pili, bima. Wengi hudhani kuwa lori lenye bima limekwisha kulinda mzigo wao, sivyo. Bima ya mtu wa tatu humlinda mtu mwingine aliyedhurika kwa chombo hicho. Hailipi trekta lililobebwa juu yake. Uliza kama ipo bima ya mzigo safarini, na uombe kuiona. Tatu, hali ya trekta kabla ya safari: lipigwe picha pande zote, pamoja na namba ya injini na ya chesesi. Nne, malipo yatolewe risiti. Safiri na nakala ya kadi ya trekta, na kama umelinunua karibuni, safiri pia na hati ya mauziano.

Baada ya makubaliano huja uzito. Massey Ferguson 135 lina uzito wa takriban tani 1.5, Ford 5000 huzidi tani 2. Hesabu hiyo ni ya trekta tupu. Wakulima wengi hujaza maji katika magurudumu ya nyuma ili yashike udongo, na kila gurudumu huweza kuongeza zaidi ya kilo 100. Plau au haro iliyobaki imefungwa nyuma huongeza tena. Mwambie msafirishaji uzito wote, usimfiche ili upunguziwe bei. Tela dogo linalovutwa na pikapu, ambalo limezoea kubeba mifuko ya mahindi, huenda lisiwe na breki wala ekseli ya kustahimili mzigo huo.

Kupakia ndiko kunakohitaji subira zaidi. Vijijini, lori husogezwa nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo, au huwekewa mbao. Ukingo uwe mgumu, usiwe udongo uliolowa mvua. Mbao ziwe nene, pana, na zifungwe kwenye bodi ili zisiteleze. Lori liwekwe mahali tambarare, livutwe hendibreki, na magurudumu yake yazuiwe kwa kabari. Trekta la magurudumu mawili ya kuvuta likipanda mteremko mkali kwa mbele huweza kuinua pua na kupinduka kinyumenyume kwa muda mfupi kuliko dereva anavyoweza kukanyaga klachi. Punguza ukali wa mteremko. Ikishindikana, trekta lipande kwa gia ya kurudi nyuma, taratibu. Kumbuka pia kuwa matrekta haya yana pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia. Ziunganishwe kwa komeo lake kabla ya kupanda. Ukikanyaga moja peke yake juu ya mbao, trekta litageuka upande na kuanguka. Dereva awe peke yake juu ya trekta. Watoto na watazamaji wakae mbali, na asiwepo mtu anayesimama nyuma au ubavuni akidai anasukuma.

Juu ya tela la ekseli moja, trekta liwekwe ili uzito uelemee mbele kidogo ya magurudumu ya tela; kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake uangukie kwenye kiungo cha kuvutia. Uzito ukielemea nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na dereva akiongeza mwendo huyumba zaidi.

Sasa kufunga. Kamba ya katani au ya nailoni hailifai trekta. Tumia minyororo au mikanda madhubuti yenye vikazio na iliyoandikwa uwezo wake wa kubeba. Viwango vya Ulaya hudai vifungo viweze kuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende nyuma wala pembeni kwa nguvu sawa na asilimia 50. Maana yake, trekta na plau vyenye kilo 2,500 vinahitaji vifungo vya kuhimili nguvu sawa na kilo 2,000 dereva akikanyaga breki ghafla. Fungeni pembe nne, kila pembe na mnyororo wake: miwili ivute kuelekea mbele, miwili kuelekea nyuma. Mnyororo ushike ekseli au fremu, kamwe usishike vyuma vya usukani, madigadi, au mikono ya kuinulia plau. Ekseli ya mbele ya matrekta haya hucheza juu na chini, hivyo ishikwe pande zote mbili. Plau ishushwe hadi sakafuni nayo ifungwe peke yake. Weka gia, vuta hendibreki, funga koki ya mafuta, ondoa waya wa betri, na kaza kabari mbele na nyuma ya magurudumu.

Barabara za kwetu hazisamehe uzembe. Atokaye uwanda wa juu wa Mbulu kwenda Babati atateremka ukuta wa Bonde la Ufa, ama kwa Dareda, ama kwa mlima Magara kwenye barabara ya Mbulu hadi Mbuyu wa Mjerumani. Katika mteremko huo, mzigo wote huegemea minyororo ya nyuma, na breki hupata moto. Dereva ateremke kwa gia ndogo tangu juu, asingoje kuibadili katikati. Simameni baada ya kilomita chache za mwanzo mkaze minyororo upya, kwa maana mtikisiko hulegeza. Simameni tena kabla ya kuanza mteremko. Katika barabara za udongo za Basotu, ahirisheni safari mvua ikinyesha. Siku moja ya kungoja ni nafuu kuliko trekta lililolala mtaroni.

Na hili tunalisisitiza: asikae mtu juu ya trekta lililobebwa, hata mwenye mali anayetaka kulinda chombo chake. Trekta likianguka litalipwa au litatengenezwa. Mzee wa nyumba hatengenezwi.

Iwapo kuna hasara, piga picha kabla mzigo haujasogezwa, toa taarifa polisi, na umwandikie msafirishaji ukieleza unachodai. Asipokujibu, lalamikia LATRA. Unaweza pia kuomba ushauri wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililoundwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Huko ndiko karatasi ile ya daftari na picha zile zitakapothibitisha thamani yake. Aliyepatana kwa mdomo hubaki na maneno matupu.

Ndugu zetu, msione haya kumuuliza dereva maswali, wala dereva asione amedharauliwa. Anayeijua kazi yake hujibu kwa utulivu na kuonyesha minyororo yake. Anayekasirika kwa sababu umeuliza nani anafunga trekta amekwisha kukujibu, tafuta mwingine.

 Sasa tunakaribisha maswali yenu.