Pikapu Inapotetemeka Baada ya Kuwekewa Rimu Kubwa

(Mazungumzo kwa madereva, wenye magari na mafundi wa tairi)



Pikapu nyingi hununuliwa zikiwa na magurudumu ya kiwandani, kisha baada ya miezi michache zinaonekana barabarani na rimu pana na tairi zilizotokeza nje ya bodi. Gari hupendeza, hilo halina ubishi. Lakini mwenyewe anaingia lami, anafika kilomita 80 kwa saa, na usukani unaanza kutetemeka mikononi. Anarudi kwa fundi, magurudumu yanabalansiwa, analipa. Kesho yake ni yale yale. Wapo wanaobalansi mara tatu kabla ya kuuliza iwapo kasoro iko kwenye balansi kweli.

Mfano ni Toyota Hilux ya nati 6. Tundu la katikati la rimu yake ya kiwandani lina kipenyo cha milimita 106.1, nalo hukaa kwenye habu bila nafasi ya kucheza. Rimu za madukani hutengenezwa ziingie kwenye magari ya aina nyingi, kwa hiyo tundu lake mara nyingi ni kubwa zaidi. Likiwa la milimita 110, linaacha pengo la karibu milimita 2 kila upande, na kazi ya kuiweka rimu katikati inabaki kwa nati peke yake.

Sasa, mashine ya kubalansi hulishika gurudumu kwa koni inayopita kwenye tundu hilo la katikati. Kwenye mashine gurudumu liko sawa kabisa na kipimo kinasoma sifuri. Likirudishwa kwenye gari linakaa pembeni kidogo, na mtetemo unarudi. Fundi hakudanganya, wala mashine haikukosea.

Dawa yake ni pete ya kujaza pengo, yenye kipimo cha habu kwa ndani na cha rimu kwa nje, pamoja na nati zinazolingana na rimu. Kwenye nati ndipo penye hatari kubwa. Nati za rimu za alumini za Toyota kutoka kiwandani huwa na washa bapa, ilhali rimu nyingi za madukani zinataka nati zenye kichwa cha koni. Zikichanganywa, nati inagusa sehemu ndogo tu ya rimu, inalegea kidogo kidogo kwa ule mtetemo, stadi zinakatika, na gurudumu linachomoka. Gurudumu lililochomoka kwa mwendo wa barabara kuu linaweza kuishia penye kituo cha boda boda au katikati ya watoto wanaotoka shule.

Nati zikazwe gari likiwa bado kwenye jeki, kwanza kwa mkono, kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Anayemalizia nati ya kwanza kwa mashine ya upepo kabla ya nyingine kushika anaivuta rimu upande mmoja. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Hatua hii wengi huiruka.

Si kila mtetemo unatokana na rimu. Ukisikika zaidi kwenye usukani, chanzo kwa kawaida kiko mbele. Ukisikika kwenye kiti, kiko nyuma. Ukija wakati wa kufunga breki pekee, diski zikaguliwe. Gari likitikisika hata kwa mwendo wa pole, huenda rimu imepinda au tairi ina uvimbe. Na msimu wa mvua kuna sababu isiyogharimu chochote: tope lililokaukia ndani ya rimu. Rimu pana hubeba tope jingi, na maji na brashi vinatosha.

Jambo jingine ni spidomita. Tairi ya 285/70R17 ni kubwa kuliko ya 265/65R17 kwa takriban asilimia 7. Spidomita ikionyesha 80, gari linakimbia karibu 86, na dereva hajui.

Kwa wenye magari yenye ekseli moja nzima mbele, kama baadhi ya Land Cruiser, usukani ukianza kurushwa kwa nguvu kushoto na kulia baada ya kugonga shimo, dereva apunguze mwendo taratibu na asimame kando. Tairodi na beringi zikaguliwe kabla ya safari kuendelea.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kurudisha magurudumu ya kiwandani na kupita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Aliyekwisha kuyauza aazime ya jirani mwenye gari la aina hiyo hiyo. Mtetemo ukiisha, kasoro iko kwenye rimu mpya, tairi zake au jinsi zilivyofungwa. Ukibaki, rimu hazina hatia, na fundi aanze kuangalia propela shafti, hasa ikiwa gari liliinuliwa.