Ukimya Kazini: Timu za Ofisini na Timu za Mtandaoni

Wanatimu wanaokaa chumba kimoja hujuana mengi bila kuambiana. Mwenzao akizongwa na wateja, wanamwona; akiumwa, uso unasema. Matarajio hurekebishwa kabla neno halijatamkwa. Timu ya mtandaoni haina fursa hiyo: kisichoandikwa wala kusemwa hakijulikani.

Umbali wenyewe si lazima uwe wa nchi na nchi. Katika miaka ya 1970 Thomas Allen, mtafiti wa MIT, alipima mawasiliano ya wahandisi waliofanya kazi katika maabara, akaona kuwa yanapungua haraka kadiri meza zinavyoachana. Zikipita mita 50 hivi, mazungumzo huwa haba mno. Teknolojia haijaliondoa tatizo. Watafiti wa Microsoft walichunguza wafanyakazi wa kampuni hiyo zaidi ya 61,000 nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, kazi zilipohamia majumbani. Waligundua kuwa kila kundi lilizidi kujifungia na watu wake, na mawasiliano kati ya kundi na kundi yakafifia.

Zito zaidi ni suala la ukimya. Mwaka 2001 mtafiti Catherine Cramton alionyesha kuwa katika timu zilizotawanyika, kutojibu huweza kuwa na maana nyingi: nakubali, sikubali, nipo safarini, sikuupata ujumbe. Anayesubiri hachagui maana kwa haki. Huilaumu tabia ya mwenzake (mvivu, ana dharau) badala ya mazingira yake. Kwa mfano, Mei 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mteja aliyeko Ulaya, asiye na habari hiyo, angeona tu mtu asiyejibu. Ndiyo maana uaminifu wa timu za mtandaoni, ambao mara nyingi huanza upesi, huvunjika upesi pia. Hulindwa kwa mazoea yanayoonekana madogo: kuthibitisha kuwa ujumbe umefika, kuaga kabla ya kutoweka, kuandika uamuzi uliofikiwa.

Ofisi nayo isipambwe kupita kiasi. Mwenye sauti kubwa huutawala mkutano, na anayeonekana hukumbukwa. Katika jaribio la kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, lililoanza 2010, wahudumu wa simu waliofanya kazi nyumbani waliongeza ufanisi kwa asilimia 13, lakini wakilinganishwa na wenzao wa ofisini wenye ufanisi sawa, walipandishwa cheo kwa nadra zaidi. Wengi pia walilalamikia upweke.

Kampuni hiyo, ikiitwa sasa Trip.com, ilijaribu baadaye njia ya kati kwa wafanyakazi wapatao 1,600: siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kuwa walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na upandishaji vyeo haukuathirika.