Tripu ya Mchanga Ina Ujazo Gani? Maumbo ya Miche na Fedha ya Mwananchi

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa Kata ya Igoma)



Mwananchi anayejenga nyumba yake na kamati inayosimamia ujenzi wa darasa kwa nguvu za wananchi hununua mchanga kwa neno moja, nalo ni "tripu". Neno hilo halina kipimo ndani yake. Tripu ni safari, na safari moja yaweza kuleta mzigo mkubwa au mdogo, ilhali bei imebaki ileile. Kipimo chenyewe kimo katika somo la maumbo tulilofundishwa shule ya msingi, ambalo wengi wetu tuliliacha darasani pamoja na madaftari.

Umbo la kwanza ni mche. Anayetaka kulielewa autazame mche wa sabuni dukani. Mwenye duka akiukata mwanzoni, katikati au karibu na mwisho, uso wa kipande ni uleule. Hiyo ndiyo sifa ya mche: popote utakapoukata sambamba na kitako chake, utapata uso usiobadilika. Kitako kikiwa mstatili, tunauita mche mstatili, kama tofali. Kikiwa pembetatu, ni mche pembetatu, kama nafasi iliyo chini ya bati katika paa la migongo miwili. Kikiwa duara, ni mche duara, kama pipa. Na kwa kuwa uso haubadiliki, kanuni ya ujazo ni moja kwa yote: eneo la kitako mara kimo.

Sasa twende kwenye lori. Bodi lake ni mche mstatili. Tuseme urefu wa ndani ni mita 3.5, upana mita 2.2, na mchanga umesawazishwa hadi kimo cha mita 0.6. Kitako kina mita za eneo 7.7, zidisha kwa 0.6, unapata mita za ujazo 4.62. Lori hilohilo likija siku ya pili na mchanga uliofika mita 0.4 tu, ujazo ni 3.08. Sentimita 20 za kimo, ambazo mtu aliyesimama chini barabarani hazioni, zimeondoka na theluthi nzima ya mzigo. Kamati iliyolipia tripu kumi za namna hiyo kwa bei ya bodi lililojaa imepokea mchanga usiofikia tripu saba.

Lakini haki ina pande mbili, na madereva nao hulaumiwa pasipo kosa. Mchanga ukishamwagwa hauwi mche tena. Hujikusanya kwa umbo linalokaribia pia, yaani lile la pia ya watoto iliyogeuzwa ncha juu. Umbo linaloishia kwenye ncha, liwe pia au piramidi, hubeba theluthi moja tu ya mche wenye kitako na kimo kama chake. Chukua lundo lenye kipenyo cha mita 4.2 na kimo cha mita 1. Nusu kipenyo ni 2.1, ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 22/7, kitako ni mita za eneo 13.86. Gawa kwa tatu, maana kimo ni mita 1: unapata 4.62. Ni mzigo uleule wa lori letu lililojaa! Kwa hiyo anayekadiria lundo kwa macho hukosea pande zote mbili: lililotandaa humpa furaha isiyo na msingi, na lililosongamana humfanya agombane na mtu asiye na hatia.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kupima mchanga ungali ndani ya bodi. Futi kamba inatosha. Pima ndani, si nje, kisha chomeka fimbo iliyonyooka sehemu kadhaa hadi iguse sakafu ya bodi, uchukue wastani wa vimo. Afadhali pia mkubaliane bei kwa mita ya ujazo kabla gari halijaondoka machimboni. Jihadharini na mchanga wenye unyevunyevu, kwani huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko ukiwa mkavu. Mwenye shaka na vipimo vya muuzaji awaone Wakala wa Vipimo, ambao kisheria ndio wasimamizi wa vipimo vya biashara. Hao ndio pia wanaopambana na lumbesa, ile pia inayoshonewa juu ya gunia ili mkulima atoe zaidi kwa bei ya gunia moja.

Mawe yetu ya Mwanza hayana kitako wala ncha, na kanuni hizi hayazijui. Jiwe dogo unaweza kulitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa maji pomoni, ukapima maji yaliyomwagika. Kwa mawe ya msingi, pimeni bodi, mkikumbuka kwamba kati ya jiwe na jiwe mnanunua hewa.

La mwisho ni maji, kwa sababu ankara ya MWAUWASA nayo ni hesabu ya ujazo. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.3 ni mche duara: kitako mita za eneo 1.54, ujazo takribani mita 2, yaani uniti mbili. Andika namba za dira, jaza tangi tupu huku mabomba mengine yote yamefungwa, kisha soma dira tena. Ikionesha tofauti kubwa na uniti mbili, ipeleke karatasi yako yenye namba hizo pamoja na malalamiko yako.

Futi kamba ninayo hapa, na nje kuna pipa. Anayetaka kujaribu hesabu hii kabla hatujaanza maswali, karibu.