Alama Nyuma ya Daraja

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi wa Babati huuliza kwanza: amefaulu?

Mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300. Kuanzia 121, mtoto ana wastani wa C na amefaulu. Chukua mfano: Kiswahili 38, Kiingereza 15, Maarifa ya Jamii 24, Hisabati 9, Sayansi 18, Uraia 21. Jumla ni 125. Nyumbani watashangilia, na wana haki. Lakini Hisabati ni E, Kiingereza D, na kidato cha kwanza masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Miezi ya kusubiri shule ifunguliwe ni muda wa thamani kwa mtoto huyu.

Upimaji wa darasa la nne husomwa tofauti: hata D huvusha kwenda la tano.

Babati kuna watoto wanaoanza shule wakizungumza Kigorowa au Kiiraqw nyumbani. Kwao karatasi ya Sayansi hupima pia Kiswahili. Mzazi amwombe mwalimu wamtazame mtoto somo kwa somo.