Mzee wa Mstari wa Mbele



Miaka mitatu iliyopita nilialikwa mahali kuzungumzia mitandao ya kijamii na adabu ya kusema mbele za watu. Nilisema dakika 50. Kijana mmoja akanirekodi, akakata sekunde 40, akazirusha kwenye magrupu. Sijafika hata nyumbani, shemeji yangu wa Tanga kanipigia: “Shemu, kumbe siku hizi unatetea matusi?” Nilikuwa nimetaja hoja ya wanaoyatetea ili niijibu. Jibu lilibaki kwenye zile dakika nyingine.

Juzi nimeipata rekodi nzima, nikaisikiliza usiku kwa spika za masikioni. Nilitaka kumkamata yule kijana. Nikajikamata mwenyewe.

Mstari wa mbele alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya viua. Mwanzoni unamsikia vizuri kabisa: “Ehee.” “Enhe, halafu?” Na mimi namfuata, akinyamaza narudia, akicheka nasubiri. Ilipofika dakika ya 12 hivi, simu zikainuliwa. Kuanzia hapo sentensi zangu zinafupika, sauti inapanda, kila baada ya muda natega makofi. Mzee anaitikia mara mbili tena, kisha kimya mpaka mwisho. Mkasi wa kwanza niliushika mimi.

Sasa chukueni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995, Mbeya. Kila Oktoba vipande vyake vinatufikia kwenye WhatsApp. Msikilize anavyongoja kicheko cha wafanyakazi kiishe ndipo aendelee. Uwanja mzima unazungumza naye. Au ile ya Machi mwaka huohuo, pale Hoteli ya Kilimanjaro, mbele ya waandishi wa habari, alipozungumzia nyufa za taifa. Anaanza na tetemeko: jengo linatikiswa, ndipo nyufa zinaonekana. Ukikata ufa ukaacha tetemeko, umebaki na mzee anayelalamika.

Lakini tusikisujudie kipaza sauti cha zamani. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya serikali, na ilikuwa inasema tu. Milango ya redio binafsi ilifunguliwa na sheria ya utangazaji ya 1993. Leo binti wa Kaole mwenye bando la siku anaweza kumjibu waziri kabla waziri hajaketi, na mimi nalipenda hilo kuliko redio moja. Hawakulipenda sana waliotunga kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizomdai leseni hata mwenye blogu. Hayo yana mhadhara wake.

Nirudi kwenye sikio. Teremkeni asubuhi soko la samaki la hapa Bagamoyo, karibu na forodha ya zamani, mkamtazame dalali. Fungu la samaki liko chini, yeye anaita bei, macho yake hayatulii: huyu kainua nyusi, yule mama kagusa beseni kwa kidole cha mguu, yule kageuza uso, katoka. Niliwahi kumrekodi. Nilipoisikiliza rekodi nyumbani nilisikia elfu kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tano, basi. Wanunuzi hawamo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Ukiisikiliza utadhani mtu anabishana na samaki.

Nyinyi mnaosomea jukwaa hapa Bagamoyo mnajua kwamba ngoma bila waitikiaji ni mazoezi. Basi jaribuni jambo moja: mkirekodi hotuba, simu moja ielekee kwa msemaji, nyingine kwa watu. Mtaona ni lini wanakunja mikono.

Naona simu nne juu. Wewe wa katikati, mwanangu, igeuze hiyo. Yule mzee yupo tena leo, mstari uleule, na tangu nimeanza kusema hajaitikia.