Usingizi Si Uvivu

Leo na tumfikirie Eliya, katika 1 Wafalme 19. Alimkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Je, Mungu alimtendea nini mtumishi huyu aliyechoka? Hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, kisha akalala tena. Baada ya kulala na kula mara mbili ndipo alipopata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu.

Wako Wakristo wanaodhani kulala ni uvivu. Baba hufunga duka usiku wa manane. Mama hupiga pasi nguo za watoto hata jogoo wa kwanza. Kisha kanisani husinzia, na nyumbani hufoka. Na dereva aliye hivyo akishika usukani, maisha ya abiria yamo hatarini.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Aserinsky na Kleitman, walieleza kwamba macho ya mtu aliyelala huwa na vipindi vya kwenda upesi upesi. Leo twajua kwamba usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi: hushuka ukawa mzito, kisha hupanda kwenye ndoto. Usingizi mzito huwa mwingi mwanzo wa usiku. Ndoto huzidi karibu na alfajiri. Ndiyo sababu mtu akiamshwa katikati ya usingizi mzito huyumba kama mlevi.

Basi tuhesabu. Ukipaswa kuamka saa 11 alfajiri, rudi nyuma mizunguko mitano, yaani saa saba na nusu. Yafaa uwe umelala saa 3.30 usiku. Panda kitandani robo saa mapema, uitumie kwa sala. Lakini mizunguko ya watu hailingani kama matofali. Usiwe mtumwa wa hesabu. Lililo kubwa ni kulala na kuamka wakati ule ule kila siku, na mtu mzima asipungukiwe na saa saba. Nanyi mlio na mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku nyumbani, mnyamazieni mchana.

Ndugu yangu, dunia haitaanguka kwa kuwa umefumba macho. Yuko asiyelala. Usiku wa leo mwachie yeye zamu.

Tuombe: Ee Bwana, tufundishe kufanya kazi kwa bidii, na kupumzika kwa imani. Amina.