Kauli ya Jukwaani na Daftari la Hazina
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini)



Nimetakiwa niseme juu ya wahafidhina, yaani wanasiasa wenye kuamini kuwa serikali ndogo, kodi nyepesi na matumizi ya kiasi ndiyo maslahi ya raia. Mimi ni mwenye duka. Itikadi hiyo hainichukizi hata kidogo. Lakini biashara hujulikana kwa daftari lake.

Basi natulifungue daftari la Ronald Reagan, aliyeshika urais wa Marekani mwaka 1981. Aliahidi kupunguza kodi, kulitia jeshi nguvu, na kusawazisha mapato na matumizi. Kodi aliipunguza mwaka ule ule, kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 70 hadi 50. Jeshi nalo alilizidishia. La tatu halikuwa. Mwaka 1982 ilimlazimu kuzirudisha baadhi ya kodi, na deni la taifa, ambalo alilikuta halijafika dola bilioni 1,000, alipotoka mwaka 1989 lilikuwa bilioni 2,600 na ushei. Wizara ya Elimu, aliyoahidi kuivunja, aliiacha ingali imesimama. Na juu yake akatia saini sheria ya kuipandisha idara ya askari wastaafu iwe wizara. (Insafu yadai tuseme pia kuwa kupanda kwa bei kulipungua sana katika zama zake, ingawa wengi humpa sifa hiyo Paul Volcker wa Benki Kuu.)

Je, alikuwa mwongo? Sisemi hivyo. Waliomchagua walitaka serikali ipunguzwe, ila fungu lao lisiguswe: mzee na pensheni yake, mkulima na ruzuku yake. David Stockman, aliyekuwa msimamizi wa bajeti yake, alijiuzulu mwaka 1985, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima kueleza jinsi wabunge wa chama chao wenyewe walivyokataa kukata.

Sasa, humu chamani wapo wanaotutaka tuahidi kupunguza ushuru siku tutakaposhika serikali. Ushuru waniuma mimi kuliko wengi waliokaa hapa. Hata hivyo nauliza: fedha hiyo ikipungua, ni skuli ipi itakosa mwalimu, na zahanati ipi ya shamba itakosa dawa? Naiomba Kamati ituletee hesabu hiyo, kwa tarakimu, kabla ahadi haijaandikwa. Asiyekuwa tayari kuitaja skuli hiyo kwa jina mbele ya wazazi wa watoto wake, asitutake tuahidi.